Ndoo Moja ya Udongo wa Chini ya Mrihi: Shajara ya Kitalu

Aprili, wiki ya pili

Naanza kuandika leo kwa sababu nimechoka kung'oa miche iliyokufa. Misimu miwili mfululizo nimeotesha mrihi, mti wa asili wa msitu wetu, hapa kitaluni kwangu, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa Gede, pwani ya Kenya, na misimu yote miwili nimeambulia patupu. Mbegu zinaota bila shida. Majani manne, sita, halafu mche unasimama. Unapauka, unageuka manjano, mwisho unapukutika. Mivinje na miarobaini iliyo chanja ya pili, maji yale yale na kivuli kile kile, inanawiri.

Nilidhani ni njaa, nikaongeza samadi. Nilidhani ni maji mengi, nikapunguza. Aliyenifungua macho ni shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye kitalu cha misonobari Mufindi, Tanzania. Alichota mchanga wangu kiganjani, akaunusa, akauliza: "Shemeji, udongo wa mama yake umetia?"

Kule, anasema, hakuna anayeotesha msonobari bila kuchanganya udongo uliochotwa chini ya misonobari mikubwa. Msonobari si mti wa kwetu. Ulipoletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, miche yake ilidumaa vitaluni mpaka ulipoletwa udongo wa misonobari ya kwingine. Mbegu ilisafiri, lakini kuvu ya mizizini haikusafiri nayo.

Huu uhusiano wa kuvu na mzizi una jina: maikoriza, yaani uyoga na mzizi kwa Kigiriki. Jina lilitolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, ambaye serikali ya Prussia ilimpa kazi ya kutafuta namna ya kulima uyoga ghali unaoota ardhini chini ya miti. Hakufanikiwa kuulima. Alichokiona ni kwamba mzizi na kuvu vimeungana hadi vikawa kama kiungo kimoja, na kwamba mti hauugui kwa muungano huo, bali unalishwa nao.

Basi swali langu la mwaka huu ni moja. Mrihi wangu unakufa kwa kukosa chakula, au kwa kukosa mwenzake?

Aprili, wiki ya tatu

Nimeomba ruhusa ya kuchota udongo msituni, nimepewa, na nimechukua ndoo moja tu. Nimeutoa chini ya mrihi mkubwa, kwenye ule ukanda wa mchanga mweupe, nikafagia majani makavu kwanza na kuchimba kina cha kiganja. Mchanga ule ukiutazama hutaamini kwamba unaweza kulea mti. Ni mweupe kama wa ufukweni, hauna rutuba ya maana, maji hayakai. Na bado mrihi umesimama hapo kama mlingoti.

Nimetengeneza makopo 90 kwa chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa shingo na kutobolewa chini. Kila chupa nimeizungushia karatasi nyeusi ili mwanga usiifikie mizizi. Makundi ni matatu, yametiwa alama ya rangi:

Nyekundu: mchanga wa shambani uliopigwa mvuke.
Nyeupe: mchanga huo huo, pamoja na konzi ya udongo wa msitu uliopigwa mvuke pia.
Kijani: mchanga huo huo, na konzi ya udongo wa msitu ulio hai.

Kundi jeupe ndilo lililonigharimu usingizi, na ndilo ninalolithamini zaidi. Bila hilo, kijani kikinawiri mtu ataniambia, "Si umekitia rutuba ya msitu?" Sasa nyeupe na kijani vimepata rutuba karibu sawa. Tofauti ni uhai.

Mvuke nimeupiga kwa pipa: maji chini, wavu wa chuma juu yake, udongo ndani ya gunia, kifuniko, moto wa makumbi na vifuu kwa saa tatu. Siku iliyofuata nikarudia. Udongo uliopikwa unatoa harufu ya dawa, na haufai kupandwa papo hapo, kwa hiyo nauacha wiki mbili upumue.

Mei, wiki ya mwisho

Mbegu zimeota makundi yote, hakuna lililotangulia. Mbegu ya mrihi inakuja na akiba yake, kwa hiyo wiki za mwanzo hakuna cha kuhukumu. Nimejizuia kufukua.

Jambo moja la kuandika kabla sijalisahau. Mrihi ni wa ukoo wa kunde, na maganda yake hupasuka kwa kishindo kwenye jua kali na kurusha mbegu mbali. Lakini ukiung'oa mche wake hutaona vile vinundu vya kutengeneza nitrojeni ambavyo unaviona kwenye mizizi ya kunde na pojo. Hauna msaada huo. Unategemea kuvu.

Juni

Masika imeshika vizuri. Nimeingia msituni na hawe, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Yeye huchuma uyoga tangu utoto.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Weka hiyo ndoo, chukua kikapu. Ndoo itauponda."

Nilikuwa natembea nimeinama, macho chini. Yeye alikuwa anatazama juu. Nikamuuliza mbona hatazami ardhini. "Ukiutafuta uyoga chini hutauona," akasema. "Tafuta mti wake kwanza. Huu wa njano ni wa mrihi. Chini ya mnazi utauzungukia mpaka magharibi."

Nilisimama pale pale nikayaandika maneno yake kwenye kiganja. Kile ambacho mimi nimekisoma miezi mingapi, yeye amekuwa akikila kwa wali miaka yote. Uyoga ni tunda tu la kuvu. Kuvu yenyewe ni nyuzi zilizo ardhini, na nyuzi hizo zimeshikana na mizizi ya mrihi, si ya mnazi. Ule wa njano una mikunjo inayoteremka mpaka kwenye shina lake, wa jamii ya Cantharellus. Jirani yake tuliona wa Russula, kofia nyekundu, shina linalovunjika kama chaki, na wa Amanita. Jamii zote tatu zinaishi na mizizi ya miti.

Kuhusu Amanita niseme waziwazi: ndani ya jamii hiyo wamo wauaji. Asichume mtu kwa kusoma. Chuma na mtu anayejua, au usichume.

Njiani tulikuta uyoga mkubwa juu ya kichuguu, na nusura niuhesabu pamoja na ile mingine. Huo ni mwingine kabisa. Ule hulimwa na mchwa ndani ya kichuguu, shina lake refu linateremka mpaka kwenye bustani yao, na hauna shughuli na mzizi wa mti.

Julai, wiki ya kwanza

Leo nimefungua kopo moja la kila rangi. Kwa nje tofauti ni ndogo: kijani kimezidi kidogo rangi ya majani, basi. Nilimwaga kila kopo kwenye karai la maji na kuuacha mchanga uanguke wenyewe, maana ukikung'uta unapoteza kila kitu.

Mche mwekundu: mzizi mkuu mrefu, mwembamba, na vijimizizi vya pembeni vimenyooka na kuchongoka ncha. Mweupe vivyo hivyo, umeongezeka unene kidogo.

Wa kijani niliutazama kwa lenzi nikasahau chai. Vijimizizi vya pembeni vimekuwa vifupi, vinene, butu, vimegawanyika kama vidole vya mtoto mchanga, na kila kidole kimevishwa soksi. Nyingine nyeupe kama pamba, nyingine za hudhurungi. Kutoka kwenye soksi zimechomoza nyuzi ambazo macho peke yake hayazioni, na kwenye nyuzi hizo zimening'inia punje za mchanga, moja hapa, nyingine pale, kama shanga zilizotungwa na mtu asiye na haraka. Nilipouinua mzizi majini, punje zilipanda nao. Kuvu ilikuwa imezishika.

Soksi ile ni kuvu yenyewe imeufunika mzizi. Kutoka hapo huingia ndani na kujipenyeza katikati ya seli, haizitoboi, inazizunguka kama wavu. Hapo ndipo biashara inapofanyika. Mti unatoa sukari iliyotengenezwa na majani, kuvu inatoa fosforasi, nitrojeni na maji iliyoyavuta kutoka mahali ambapo mzizi haufiki.

Hesabu yake ni hii. Fosforasi haitembei udongoni. Mzizi ukiimaliza iliyo karibu nao, milimita moja au mbili, unabaki na uwanja mtupu kuuzunguka. Kuvu inauvuka uwanja huo. Uzi wake mmoja una unene wa kati ya sehemu 2 na 10, ukiigawa milimita moja mara elfu, kwa hiyo unapita kwenye mianya ambayo mzizi hauwezi hata kuigusa, na kuutengeneza ni rahisi mno kuliko kutengeneza mzizi mwingine.

Agosti

Mpwa wangu alikuja likizo na kunisaidia kumwagilia. Jana nimemkuta anatia DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, kwenye pembe ya chanja. Makopo 9, matatu ya kila rangi.

"Mjomba, niliona haya mekundu yana njaa. Nikatia na ya jirani yasione wivu."

Sikumkemea. Aliona njaa, akalisha. Nimeyatenga makopo hayo upande wake na nitayaangalia baada ya wiki sita.

Septemba, wiki ya mwisho

Nimefungua makopo ya DAP. Mawili yaliungua, majani yalikauka kuanzia ncha. Yaliyobaki yamenawiri juu, majani mapana, kijani kizito, mtu angeyanunua kwanza kabla ya yote. Lakini chini, mizizi mipya yote ya makopo ya kijani, ile iliyoota baada ya mbolea, iko uchi. Soksi za zamani zimesinyaa na kuwa nyeusi.

Mti ukipata fosforasi ya bure mlangoni hauoni sababu ya kuilisha kuvu. Na malisho hayo si kidogo, mmea unaweza kuipa kuvu hadi sehemu moja ya tano ya sukari yake yote. Shida ni kwamba mche huu nitaupeleka kwenye mchanga mweupe ambako hakuna DAP, na utafika huko bila mwenzake. Mpwa wangu ametazama kwa lenzi, akanyamaza muda mrefu, kisha akaomba apewe makopo yake mwenyewe msimu ujao. Atapewa.

Oktoba, wiki ya pili

Nimetoka nje ya mrihi kidogo, kwa sababu majirani wananiuliza: "Haya ya msitu yanatuhusu nini sisi wa muhogo?"

Yanawahusu kuliko yanavyonihusu mimi. Mimea mingi ya shambani, mahindi, kunde, vitunguu, muhogo, inaishi na kuvu za aina nyingine ambazo hazitengenezi uyoga wala soksi. Huwezi kuziona kwa macho wala kwa lenzi yangu. Hizi huingia ndani kabisa ya seli za mzizi. Mwalimu wa bayolojia wa shule ya jirani ameniruhusu kutumia hadubini, na Jumamosi tumeshinda maabara.

Njia ni rahisi ajabu. Vijimizizi vyembamba vya muhogo vinachemshwa kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka vipoteze rangi, vinasuuzwa, kisha vinachemshwa dakika tatu kwenye siki nyeupe iliyotiwa wino mweusi wa kalamu. Wino unashika kuvu. Baadaye mzizi unalowekwa kwenye maji yenye matone ya siki mpaka wino uliozidi utoke.

Mwalimu alitazama kwanza. "Njoo uone mti," akasema, na kunipisha. Ndani ya seli moja ya mzizi, mahali padogo kuliko ncha ya sindano, kulikuwa na mti wa wino: shina, matawi, vijitawi, vikizidi kuwa vyembamba mpaka vikaishia kwenye ukungu wa buluu. Seli ya pembeni ilikuwa na mwingine. Na nyingine. Jina lake la kitaalamu lina maana hiyo hiyo, mti mdogo. Unaishi siku chache tu, kisha seli inauyeyusha na mwingine unatokea mahali pengine. Fosforasi inavuka kupitia matawi hayo, na mmea unalipa kwa sukari na mafuta. Hayo mafuta yaligundulika mwaka 2017, kwamba kuvu hizi haziwezi kujitengenezea mafuta yake zenyewe, zinalishwa na mmea.

Muhogo una mizizi minene na vinyweleo vichache. Peke yake ni mchimbaji dhaifu sana wa fosforasi. Unastawi kwenye mchanga wetu kwa sababu kuvu zinauchimbia. Mkulima anayeacha shamba bila mmea wowote muda mrefu, au kulipindua kila mara mpaka nyuzi zikatike, anaudhoofisha muhogo wake bila kujua.

Tulijaribu pia sukuma wiki na mchicha. Hakuna kitu, mizizi mitupu, kama vitabu vinavyosema. Jamii ya kabichi na jamii ya mchicha ni kati ya mimea michache iliyojitoa kwenye ushirika huu. Walio wengi wamo, na wamo tangu zamani za kutisha: huko Rhynie, Uskoti, ndani ya mimea iliyogeuka jiwe miaka milioni 407 iliyopita, imeonekana miti midogo kama hii tuliyoitia wino. Wakati huo mimea hata haikuwa na mizizi ya kweli. Kuvu zilikuwepo kabla ya mizizi.

Na kuna hili ambalo limenikaa moyoni. Mzizi wenye njaa ya fosforasi hautulii, unaita. Unatoa udongoni kemikali zinazoitwa strigolaktoni, na kuvu ikizipata inatawanya matawi kuuelekea mzizi. Hilo limejulikana tangu 2005. Lakini kemikali hizo zilikuwa zimegunduliwa mapema zaidi, kwa sababu zinaamsha mbegu za kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi. Mmea wa mahindi unamwita rafiki, na mwizi aliyelala chini anasikia. Ndiyo maana kiduha kinashamiri kwenye ardhi iliyochoka. Hapo ndipo mahindi yanapoita zaidi.

Novemba

Hesabu. Ukiondoa makopo ya DAP na yale niliyofungua Julai, kila kundi lilibaki na 26. Walio hai leo: nyekundu 10, nyeupe 12, kijani 24.

Rangi ya majani ya kijani haina mjadala. Urefu hautofautiani sana, na hilo halinishangazi: mrihi miaka yake ya kwanza hujenga chini kabla ya kujenga juu.

Ila lazima niandike na hili. Kati ya miche nyekundu 10, minne imepata nafuu ghafla tangu Septemba. Nimeifungua, nimekuta soksi. Yote minne ilikuwa pembezoni, jirani na makopo ya kijani, na nadhani mvua ilirusha matone ya udongo kutoka kopo hadi kopo. Nimeitoa kwenye hesabu. Kama ushahidi imeniharibia, ila binafsi imenifurahisha kuliko yote, maana mche uliokuwa unakufa umefikiwa na tone moja la tope ukainuka. Msimu ujao makundi yatakaa mita mbili mbali, chini ya paa.

Ni kitalu kimoja na msimu mmoja, najua. Lakini nyeupe na nyekundu zimefanana, na kijani imeachana nazo. Konzi ya udongo iliyopikwa haikuwasaidia kitu.

Januari

Kaskazi, jua la kuchoma. Namwagilia kila baada ya siku tatu. Kijani 24, wote wazima.

Machi

Watu watatu wameniomba niwaletee udongo wa msitu kwa gunia. Nimekataa, na nimewaeleza kwa nini.

Kwanza, msitu si machimbo. Tukianza kuchota magunia tutaua mizizi ya mama ili tulee watoto. Pili, udongo hubeba na magonjwa pia, kwa hiyo kuupeleka mbali na kwake ni hatari. Tatu, hauhitajiki. Makopo yangu ya kijani sasa ndiyo mbegu ya kuvu. Mchanga wake, ukiwa na vipande vya mizizi ndani, unatosha kuanzisha makopo mengine, konzi kwa konzi. Ndoo moja ya mwaka jana nadhani itanitosha miaka kadhaa, mradi niwe na miche hai wakati wote, kwa maana kuvu hizi bila mti hazina maisha.

Kuna unga wa kuvu unaouzwa madukani. Mimi sijaununua. Kuvu za muhogo si kuvu za mrihi, na paketi isiyosema ina kuvu gani na ni za mmea gani haimfai mwenye kitalu.

Mei, wiki ya kwanza

Masika imerudi. Jana tumepanda miche 24 ya kijani, mimi, mpwa wangu na jirani wawili. Kumi na miwili tumeipanda karibu na mrihi mkubwa uliobaki mpakani mwa shamba, mahali ambapo nyuzi za kuvu tayari zipo. Kumi na miwili tumeipanda mahali pa wazi palipolimwa mahindi miaka mingi, ambako itategemea kile ilichobeba tu. Nataka kujua ni wapi itashika haraka. Kila shimo limepewa mchanga wa kopo lake, isipokuwa konzi chache nilizoweka akiba, hakuna mbolea, na matandazo ya majani ya mrihi juu.

Nyekundu sita za kweli, zile zisizofikiwa na tope, bado ziko kitaluni, manjano, hai kwa tabu. Leo asubuhi nimezitia konzi moja moja ya mchanga kutoka makopo ya kijani. Nitafungua moja mwezi wa Julai.

Hawe amepita jioni kutazama. Amezunguka mashimo yote, akainama kwenye lile la mwisho na kubonyeza matandazo kwa kidole. Kisha akaniuliza kikapu chake nimekiweka wapi, maana kesho alfajiri tunaingia msituni, mvua ya usiku huu imetosha.